Asije Siku ya Joho Akiwa Mgeni

Hotuba kwa wanafunzi Wakristo wa mwaka wa mwisho, Dodoma. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya walioshindwa kufika, hasa waliokuwa field, kwenye mafunzo kwa vitendo.

Bwana Yesu asifiwe! Na ndugu zetu Wakatoliki wa TMCS mliokaa kule nyuma, Tumsifu Yesu Kristo! Vyama vyetu vya wanafunzi Wakristo vyote: USCF nawaona, CASFETA mpo, TAFES mpo, TUCASA, ndugu zetu Waadventista, nanyi karibuni sana. Leo hatubishani juu ya Jumamosi na Jumapili. Leo tuna neno moja linalotugusa sote.

Najua mnachokiota, wanangu. Asubuhi ibada ya shukrani. Saa nne uwanjani, joho limenyooshwa. Mchana pilau. Baba yupo, mama yupo, na yule wa moyoni yupo, ameshika taji la maua. Imani, familia na mapenzi, vyote siku moja. Ni ndoto njema, wala sitamkataza mtu kuiota. Nina ombi moja tu: siku ya mahafali isiwe siku ya kumtambulisha mchumba. Akija, na aje watu wakiwa wanamjua. Asije akiwa mgeni. Semeni nami: asije akiwa mgeni!

Kwa nini nasema hivyo? Chukulieni binti wa mwaka wa tatu, kwao ni Bukoba. Mama, shangazi na mjomba wamepanda basi, wamefika Dodoma miguu imevimba. Mahafali ni Novemba. Novemba Bunge huwa linakaa hapa, na nyumba za wageni mnazijua zinavyokuwa: zilizo nzuri zimejaa, zilizobaki zimepandisha bei. Wamebanana watatu katika chumba kimoja kule Nkuhungu. Chuo kimempa binti kadi mbili za wageni. Moja kampa mama. Ya pili je? Kampa kijana wake, maana naye katoka mbali, Arusha, na amekuja kwa ajili yake.

Shangazi anabaki nje ya uzio, chini ya mti, na mkoba wake mapajani. Shangazi ambaye ndiye aliyelipa ada ya kidato cha tano na cha sita! Shughuli inaisha, watu wanamiminika, kijana anakuja mbio na taji la maua, anamvisha binti, anamkumbatia. Wenzake wanapiga kelele: "Shemeji! Shemeji!" Mjomba anageuka, anauliza, "Huyu ni nani?" Nani wa kujibu? Binti anaangalia chini. Kijana anasema "Shikamoo" kwa sauti isiyosikika. Pilau inaliwa, lakini mnajua pilau inayoliwa huku hakuna anayeongea. Usiku mama anampigia simu baba aliyebaki nyumbani kulinda shamba.

Sasa niambieni, kijana yule ana kosa gani? Pengine ni mwimbaji wa kwaya, hanywi, ana adabu, ana GPA nzuri. Tatizo ni kwamba baba amesikia habari za binti yake kwa simu, baada ya umati mzima wa chuo kusikia. Kwetu habari za namna hii zina njia yake. Huanzia kwa shangazi au mama mdogo, humfikia mama, na mama ndiye anayejua saa ya kumwambia baba. Baba aliyesikia wa mwisho hukataa wa kwanza. Atatafuta sababu: kabila, dhehebu, umri. Hizo ni sababu za kusema tu. Kinachomuuma ni kwamba hakuambiwa.

Mnaona? Si suala la kuficha mapenzi. Ni suala la kalenda. Na kalenda mnayo. Mitihani ya mwisho inaisha Julai, mahafali ni Novemba au Desemba. Hapo katikati kuna miezi minne mizima. Wengi wenu mnaitumia kutuma CV na kulala. Itumieni.

Lakini kabla hamjaenda kwa mtu yeyote, kaeni ninyi wawili. Na hapa niwaseme kidogo watu wa fellowship. Kuna mtindo: kaka anamwita dada baada ya mkesha, anamwambia, "Bwana amenionyesha kuwa wewe ni mke wangu." Dada anatetemeka. Akikataa, amemkataa Mungu? Wanangu, kama Bwana amesema na kaka, dada naye ana masikio. Bwana anajua alipo. Someni Mwanzo sura ya 24. Mtumishi wa Ibrahimu alisafiri na ngamia kumi, akaomba ishara kisimani, akaipata ishara ile ile aliyoiomba. Mwujiza kabisa! Kaka yake Rebeka akakubali, baba akakubali. Je, iliishia hapo? Haikuishia hapo. Walimwita msichana wakamuuliza mwenyewe: utakwenda na mtu huyu? Akasema, "Nitakwenda." Ishara ilikuwapo, wazee walikuwapo, na bado binti aliulizwa. Na Sheria ya Ndoa yetu ya mwaka 1971 inasimama hapo hapo: ndoa ni muungano wa hiari. Kaka, usimtishe mtu kwa ndoto yako. Mwambie unampenda, kisha nyamaza umsikilize.

Mkishakubaliana, kuna maneno mawili ya kuzungumza mkiwa mmekaa, si kwa meseji. La kwanza ni kanisa, nitalirudia. La pili ni damu.

Kwenye damu mnafikiria VVU, na ni sawa, makanisa mengi yatawadai majibu hayo kabla ya kutangaza ndoa. Nendeni pamoja, mpewe ushauri pamoja. Lakini kuna jambo ambalo vijana wengi hawalipimi: seli mundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Mtu anaweza kubeba kinasaba kimoja, tunaita AS, akacheza mpira, akaimba kwaya, asiugue maisha yake yote. Akikutana na AS mwenzake, kila ujauzito una nafasi moja kati ya nne ya mtoto mwenye SS, yaani mgonjwa. Kila ujauzito, narudia. Msije mkadhani mkishampata mmoja mgonjwa watatu wanaofuata wamepona; hesabu haiendi hivyo, inaanza upya kila mara.

Na mkienda maabara, ulizeni ni kipimo gani. Kile cha haraka kinachoitwa sickling kinaonyesha tu kwamba seli mundu ipo. Hakisemi kama wewe ni AS au SS. Kipimo kinachotenganisha ni electrophoresis ya himoglobini au kinachofanana nacho, na si kila kituo cha afya wanacho, kwa hiyo anzieni hospitali ya mkoa. Kwa nini naliweka mwanzoni kabisa? Kwa sababu nini hutokea? Watu hupima baada ya posa, baada ya kamati ya harusi kuundwa, baada ya michango kuingia. Wakati huo majibu hayawasaidii kuamua tena, yanawatesa tu. Pimeni wakati bado mnaweza kukaa chini mkaamua kwa uhuru, mkiwa na mchungaji na daktari. Sisemi AS na AS wasioane. Nasema wajue.

Haya, tuendelee. Mtu mzima mmoja ajue. Dada, nenda kwa shangazi au mama mdogo anayekuheshimu na anayejua kufunga mdomo. Kaka, nenda kwa mjomba, kwa kaka mkubwa aliyeoa, au kwa mlezi wa fellowship. Msimwambie mtu kwa simu jambo hili kama mnaweza kulisema ana kwa ana. Agosti mko likizo. Mtu akienda kijijini kuvuna au kupalilia na shangazi, hapo ndipo maneno hutoka. Mwambie jina, kwao wapi, anasali wapi, anasoma nini, mmejuana tangu lini. Usiseme "ni mtu mzuri." Mzuri kivipi? Shangazi anataka ukoo na kijiji ili naye aulizie kwa watu wake. Ataulizia, msidanganyike! Kwa hiyo usimfiche kitu ambacho atakisikia sokoni wiki ijayo. Kama kaka ana mtoto, sema. Kama aliwahi kuvunja uchumba, sema.

Kisha ziara ya kwanza. Hii si posa. Hii ni kuonekana tu. Na hapa wengi huharibu kwa mambo madogo, niyataje.

Kaka haendi peke yake, wala haendi na kundi la marafiki. Anaenda na mtu mmoja aliyemzidi umri. Anaenda mchana, kati ya saa nne na saa tisa, asipitilize hadi chakula cha usiku, na halali pale. Kama kwao ni mbali na basi la kurudi ni kesho, alale kwa ndugu, kwa mchungaji au nyumba ya wageni. Asiende mikono mitupu, asiende pia na mafuriko ya vitu. Kilo mbili tatu za sukari, mchele kilo tano, mche wa sabuni, kitenge cha mama: inatosha kabisa kwa mwanafunzi. Kila mtu anajua fedha ya kujikimu ya mwanafunzi wa mkopo ni shilingi 10,000 kwa siku. Ukifika na begi la zawadi za laki nne, baba haulizi umependa kiasi gani, anauliza umezipata wapi. Shati lenye kola. Simu mfukoni, imezimwa sauti. Usikae kwenye kiti mpaka uonyeshwe, maana kile unachokiona kiko wazi mara nyingi ndicho cha baba mwenyewe.

Mkifika, aseme yule mkubwa. Mkumbuke mtumishi wa Ibrahimu tena: aliandaliwa chakula, akakataa kula mpaka aseme lililomleta. Wazee wetu wangempenda sana mtu yule! Mkubwa wenu naye aseme kwa kifupi: kijana huyu anasoma na binti yenu, wanafahamiana, wanasali, tumeona si vizuri wafahamiane huko gizani bila ninyi kujua, mambo mengine yatafuata utaratibu. Basi. Hakuna kutaja tarehe. Hakuna kutaja mahari. Mkae saa moja na nusu, mbili, muage.

Ikifika hapo, wanangu, lile la mahafali limekwisha. Amejulikana. Hamna haja ya kukimbiza posa kabla ya Novemba, na mimi nashauri msikimbize. Lakini mjue inavyokwenda, msije mkaaibika baadaye. Barua ya posa huandikwa na familia ya kijana, si kijana. Huandikwa kwa mkono au huchapwa, ukurasa mmoja, ikitaja ukoo, kijiji, dhehebu, jina kamili la binti na la wazazi wake. Hakikisheni jina la baba mkwe limeandikwa sawasawa. Posa imewahi kurudishwa kwa herufi moja, na waliorudisha walikuwa na haki. Bahasha hubebwa na mshenga, na ndani huwekwa fedha kidogo ya kufungulia barua. Kiasi kinategemea kabila na nyumba, mshenga aulize mapema. Ikishapokelewa, subirini. Wiki tatu, mwezi. Kaka, usimpigie binti kila jioni kumuuliza "wamesemaje?" Wameshasikia, wanaulizana.

Mahari nitapita haraka, kwa sababu ni maneno ya wazee, si yenu. Mkaja wa mama, kilemba cha baba, blanketi la bibi, mbuzi wa wajomba, kila kabila na orodha yake, na karibu kila nyumba hukubali kupokea sehemu kwanza na nyingine baadaye. Kisheria, ndoa haibatiliki kwa kuwa mahari haijalipwa. Lakini msiende kumsomea mzee sheria sebuleni kwake. Na kumbukeni kitu kimoja cha hesabu: ninyi wawili mna mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo. Mkiajiriwa, kila mmoja atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kaeni na namba hiyo kabla hamjaahidi ng'ombe.

Sasa nirudi kanisani, kama nilivyoahidi.

Mnasali pamoja kwenye fellowship, mnashikana mikono kwenye maombi, mnasahau kwamba cheti cha ubatizo kinaandikwa na kanisa fulani. Siku ya kufunga ndoa, fellowship haina rejista. Mkatoliki na Mlutheri wanaweza kuoana? Wanaweza. Upande wa Katoliki kunahitajika ruhusa ya askofu, na Mkatoliki ataahidi kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki. Je, mmeshazungumza hilo? Au mnalisubiri padre aliulize, mtazamane? Kama mmoja hajabatizwa kabisa, ni kibali cha aina nyingine, na muda zaidi.

Halafu makaratasi. Haya ndiyo yanayokwamisha watu. Katoliki huomba cheti cha ubatizo kilichotolewa upya, si kile cha zamani mlichotunza kwenye bahasha ya kaki, maana wanataka kuona kama pembeni pameandikwa ndoa nyingine. Kukipata kutoka parokia ya kijijini huchukua wiki, wakati mwingine parokia imegawanywa na rejista imehamia kwingine. Na jina! Umebatizwa Anastazia, cheti cha kuzaliwa kinasema Neema, cheti cha kidato cha nne kinasema Neema A., kitambulisho cha taifa cha NIDA kimeandikwa kwa herufi tofauti. Nani atajua kuwa hao wanne ni mtu mmoja? Rekebisheni sasa, mkiwa hamna haraka. Mara nyingi kiapo kwa wakili kinatosha, mara nyingine hakitoshi. Msigundue hilo wiki ya tangazo la pili la ndoa.

Maana matangazo ni Jumapili tatu mfululizo katika makanisa yetu mengi, na sheria ya nchi inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku 21 kabla. Ndiyo, vitu hivyo viwili vinakaribiana, lakini mchungaji akiwa safarini Jumapili moja, tarehe ya ukumbi imekwenda. Na ulizeni kama mchungaji wenu ana leseni ya kufungisha ndoa. Makanisa makubwa wanazo. Huduma changa zilizoanza juzi kwenye turubai, ulizeni. Kuuliza si dharau.

Kuna wengine humu wameshaanza kuishi pamoja mtaani, geto moja, sufuria moja. Msinikodolee macho, nawajua wenye nyumba wenu. Kanisa litawaambia la kwake: kuna kukaa bila meza ya Bwana, kuna kurudishwa kundini, na mtayapitia mbele ya watu wanaowajua. Sheria nayo ina la kwake: wakiishi mwanamume na mwanamke miaka miwili na majirani wakawajua kama mke na mume, mahakama inaweza kudhania kuwa wameoana, mpaka mmoja athibitishe vinginevyo. Miaka miwili, wanangu. Mwaka wa pili na wa tatu wa chuo. Mtu anadhani alikuwa anapunguza kodi ya chumba!

Haya, tufike siku yenyewe, maana nayo nataka iwe ya furaha kweli.

Wazazi wafike siku mbili kabla, si usiku wa kuamkia. Wanaotoka Dar na Morogoro wana treni ya SGR, lakini wiki za mahafali tiketi hukatwa mapema. Chumba mlipie mwezi mmoja kabla. Kadi mbili ni za wazazi. Mchumba atakuwa nje ya uzio pamoja na wengine, na hapo ndipo atakapokuwa wa maana kweli: yeye ndiye atakayemtafutia shangazi kivuli, kiti na maji. Mnaona tofauti? Katika hadithi yetu ya kwanza shangazi alikaa peke yake. Sasa anakaa na mkwe mtarajiwa anayemfungulia chupa ya maji. Shughuli ikichukua saa nne, hizo ni saa nne za shangazi kumpima. Na wanapima!

Ibada ya shukrani fanyeni asubuhi kwa kifupi, au Jumapili inayofuata na usharika mzima. Msilazimishe ibada ndefu siku ya joho, kwa sababu wahitimu hutakiwa kujipanga mapema kabla ya maandamano, na mchungaji akishika kipaza sauti hamna wa kumnyang'anya.

Chakula: kilo moja ya mchele wa pilau hutoa sahani sita hadi saba. Watu ishirini, kilo tatu za mchele na kilo tatu za nyama, kachumbari, ndizi, na kreti moja ya soda yenye chupa 24. Pikeni kwa mtu mwenye jiko, msikodi ukumbi. Baba aseme kwanza, mama aombe. Mchumba asipewe kipaza sauti. Zawadi yake siku hiyo ampe mama, si binti. Ya binti atampa siku nyingine, siku ziko nyingi. Taji la maua mama ndiye wa kwanza kumvisha, halafu wengine.

Picha: kwanza wazazi na mhitimu, kisha ukoo mzima, kisha walezi na fellowship. Mchumba aingie kwenye picha ya fellowship, na ile ya ukoo aingie akiitwa. Akiitwa na nani? Na shangazi. Mkiona shangazi amempungia mkono, "Na wewe njoo hapa," dada, jua miezi yako minne haikupotea.

Na joho lirudishwe kwa tarehe iliyoandikwa kwenye fomu, likiwa na kofia na kishada chake. Kila mwaka kuna aliyeliacha kwa mchumba akapige nalo picha Arusha, na faini inakuja kwa jina la mhitimu.

Bwana awabariki. Wenye maswali ya vyeti vya ubatizo wabaki, tutaanza na wale ambao majina hayafanani.